Wimbo wa Pantoni ya Garsen

Kabla ya kushika kamba, Pekeshe aliteka maji ya mto kwa kiganja, akasukutua, akatema upande maji yanakoelekea. Hata baada ya kuondoka kwenye pantoni na kurudi kulima kwao Wenje, hakunywa chai bila kusukutua kwanza. Wajukuu walimcheka, naye aliwaacha wacheke.

Batula alimjua tangu enzi za kamba. Yeye alikuwa Muorma, muuza maziwa, akivuka na vibuyu vyake karibu kila asubuhi. Pantoni ya Garsen haikuwa na injini. Wanaume walijipanga safu wakaivuta kwa kamba iliyofungwa ng'ambo mpaka ng'ambo, na waliivuta kwa wimbo. Pekeshe alitoa ubeti, wenzake wakaitikia na kuvuta kwa pamoja. Aliponyamaza, mikono ililegea. Tena desturi ilimruhusu mwimbishaji kumkejeli abiria yeyote, awe kadhi au mchunga mbuzi.

Mwaka wa hamsini na tano kamba ilimponda vidole Galgalo, kaka yake Batula, naye mvutaji. Akaambiwa aende zake nyumbani, bila fidia. Wavutaji wakaomba watu wa chama cha wafanyakazi waruhusiwe kuja kutoka Mombasa kumtetea. Serikali ikaleta mabwana wawili: Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, na Bwana wa Kazi wa Mombasa, ofisa wa mambo ya wafanyakazi, mwenye kofia pana kuliko mabega yake. Walikuja kujadili hali ya wafanyakazi, na wakaijadili papo hapo juu ya pantoni, wameketi kwenye viti vya kukunja, huku wafanyakazi wenyewe wakiwavuta. Hawakugeuka kumuuliza mtu neno.

Pekeshe akaanza kwa Kipokomo, ambacho Batula alikijua cha sokoni.

"Leo tumepakia viboko wawili!"

"Wazito hao!"

"Wamemaliza majani, sasa watafuna vidole vya Galgalo!"

"Wazito hao!"

Batula, aliyekuwa akivuka nao na vibuyu vyake, alifunika mdomo kwa mtandio. Bwana wa Kazi alikuwa akipigapiga goti kufuata mdundo. Akamgeukia Reuben, karani mkalimani, mpwa wake Pekeshe.

"Nasema nini hii watu?"

Reuben akajibu haraka. "Wanaishukuru serikali, bwana. Wanasema kazi ni njema."

"Vizuri sana. Mtu ya taabu hapana imba. Chama ya nini hapa?"

Bwana Shauri akaafiki, akawasha kiko. Shauri la Galgalo lilikuwa limekwisha, na mto wenyewe hawajaumaliza.

Pekeshe akanyamaza. Pantoni ikasimama katikati, maji yakiigonga ubavuni.

"Reuben, wape wimbo wao kama ulivyo."

"Mjomba, watakufunga."

"Hilo ni langu. Wewe wape."

Reuben akatikisa kichwa kukataa. Basi Pekeshe akawaimbia mwenyewe kwa Kiswahili, polepole, kama anayemlisha mtoto uji, viboko na vidole na yote.

"Vuta!" Bwana wa Kazi alisema, uso umemwiva.

Hakuna mkono uliosogea.

"Imba, basi."

Batula hakuwahi kumwona mtu mzima akijishusha vile: kuomba atukanwe ili afike ng'ambo.

Waliketi juani muda mrefu. Mwishowe Pekeshe aliimba, kwa sababu maziwa ya kina mama yalikuwa yameanza kuchacha. Aliimba beti zile zile, na wale wawili wakavushwa nazo, wameketi wima, macho kwenye ukingo.

Jioni ile Pekeshe alifukuzwa kazi. Watu wa chama hawakuruhusiwa kuja. Galgalo alikaa kwa Batula na mkono wake, akisaidiwa kufunga shuka.

Miaka ilipita, na kisa kikawa cha kuchekesha Garsen nzima. Batula naye alikisimulia akicheka, mpaka siku aliyokwenda Wenje kumjulia hali Pekeshe, amelala kitandani, kifua kimembana. Ili kumchangamsha akaanza: unakumbuka siku tuliyowashinda wale viboko?

Pekeshe akajiinua kwa kiwiko.

"Kaka yako hakupata kitu, dada," alisema. "Usimwache mtu akwambie tulishinda."