Udi Nilioufukiza Bagan

Siku moja nnaikumbuka kuliko zote, mwanangu, na leo nimechoka kuwa nayo peke yangu. Andika nisemavyo, wala usinipambie. Umeniambia umepata ruhusa ya kwenda Burma na wenzako, kutazama sikukuu za Mabudha na kazi za mikono yao. Sikukatazi. Lakini mimi nilifika huko kabla mama yako hajazaliwa, na nikafanya kosa ambalo hata babu yako, Mungu amrehemu, hakulijua lote.

Babu yako alikuwa na duka Matrah, Omani, akiuza masanduku na vyombo vya nakshi. Mwaka ule alinichukua hadi Bagan, mji wa huko Burma, kutafuta vyombo vya huko, ambavyo husukwa kwa mwanzi, kisha vikapakwa utomvu mweusi wa mti, mkono juu ya mkono, yaani tabaka juu ya tabaka, mpaka mtu akajiona uso ndani yake. Tulipanga chumba kwa Ismaili, Muislamu wa huko huko, aliyesikilizana na babu yako kwa Kihindi. Jirani yake alikuwa fundi wa vyombo hivyo, bibi wa umri kama wangu wa leo, akiitwa Daw Mya. Hilo Daw ni kama sisi tunavyosema Bi.

Daw Mya alikuwa na mjukuu mmoja tu wa kiume, na wiki ile mtoto alikuwa anapelekwa kwa watawa. Kwao mtoto wa kiume huvikwa kama mwana wa mfalme, akapandishwa farasi, kisha akanyolewa nywele na kukaa na watawa siku kadhaa ajifunze. Ndiyo furaha kubwa ya nyumba, kama harusi kwetu. Kwa ajili ya siku hiyo Daw Mya alitengeneza chombo kirefu chenye kifuniko kama mnara, cha kupelekea watawa chakula. Alikishughulikia miezi mingi, kwa kuwa kila mkono wa utomvu hukaushwa polepole katika chumba cha chini ya ardhi, chenye unyevu na kisichoingia vumbi. Humo kilikuwa kinangoja mkono wa mwisho ukauke. Alinionesha kutoka mlangoni, akanifanyia ishara nisiingie. Nikadhani anaona haya kwa harufu, maana utomvu ule unanuka.

Nilitaka kumfurahisha, mwanangu. Kwetu nguo ya shughuli haitoki bila kufukizwa, nikaona kwa nini chombo kitoke kinanuka. Nilikuwa nimesafiri na udi wangu na chetezo changu. Daw Mya alipokwenda sokoni, niliteremka na makaa ya moto, nikasema bismillahi, nikakifukiza, na mlango nikaufunga ili moshi usipotee. Nilipanda juu nikijiona mtu mwema kweli.

Alasiri tulikuwa barazani kwa Ismaili, Daw Mya akaja amekipakata. Majivu yameganda juu yake kama upele, na utomvu umekunjamana kwa joto. Hakupiga kelele. Maneno yake Ismaili aliyageuza Kihindi, babu yako akayageuza Kiswahili. Yalinifikia yamepita midomo mitatu na bado yanachoma.

"Mwulizeni, kwao watu wakipika wali wa harusi, mgeni huingia jikoni akafunua sufuria?"

Nikajibu kwamba nilitaka kumtendea wema.

"Wema huo mimi sikuwa na haja nao," akasema. "Mwenye haja nao alikuwa yeye."

Babu yako, ambaye ulimi wake ulikuwa kama wembe, akaniambia, "Bi Zuwena, hata pepo huulizwa jina lake kabla ya kufukizwa."

Zilikuwa zimebaki siku mbili, na mkono mpya ungetaka wiki na zaidi. Daw Mya alikaa akikisugua kuondoa majivu. Nilipokwenda kumsaidia alininyooshea kiganja kunizuia, nikarudi.

Siku ilipofika msafara ulitoka na ngoma na miavuli ya dhahabu, mtoto juu ya farasi, mafundi wa mtaa mzima wamesimama kutazama. Daw Mya alibeba chombo chake kimepauka, kina mikwaruzo. Mwanamke mmoja akakiangalia, akacheka, akamwuliza jambo. Wote wakageuka. Daw Mya akagusa macho yake, kisha akanyanyua mikono yake miwili na kuitikisa. Sikuhitaji mkalimani. Alikuwa anawaambia macho yamekwisha, mikono imezeeka, kosa ni lake. Fundi akisema hivyo mbele ya mafundi wenzake, nani atamletea kazi tena?

Babu yako alikuwa mbali, kwa wanaume. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwa Daw Mya. Lugha sikuwa nayo, lakini kidole nilikuwa nacho. Ningekielekeza kifuani kwangu, na kila mtu angefahamu. Nikavuta mtandio usoni. Asubuhi yake tukaondoka, kwa kuwa ruhusa yetu ya kukaa ilikwisha, na sikumwona tena.

Wahenga wamesema majuto ni mjukuu, na wewe hapo unaandika.

Basi ukifika huko, vua viatu wanapovua, wala usinyooshe miguu mbele ya masanamu yao. Dini yao si yako, lakini nyumba ni yao. Hayo utaambiwa na kila mtu. La kwangu ni hili. Ukiona kitu cha watu kimepungua machoni mwako, uliza kabla hujaongeza, kwa kuwa kuuliza si ujinga. Na ukiharibu, kiri pale pale, kabla aliyedhulumiwa hajabeba aibu yako. Mimi nimetubu kwa Mungu miaka mingi, lakini haki ya mja husamehewa na mja, na mja wangu nilimwacha Bagan, wala sijui kama alinisamehe.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie na akurudishe na kheri, akupe ulimi wa kuuliza na moyo wa kukiri, asikupe deni la mtu usiyeweza kumfikia. Radhi zangu unazo, duniani na akhera.