Majengo Yamngoja Mama Pascasie Anywe

Asubuhi hii robine, kama watu wa Goma wanavyoliita bomba la mtaa, imefungwa kwa mnyororo. Hata hivyo bidoni, yaani madumu ya njano ya maji, zimeshapangwa foleni, kila moja na jiwe jeusi juu yake ili upepo usiichukue. Mama Pascasie Byiringiro anazipita polepole, kikombe cha bati mkononi. Kikombe ni kikavu.

"Batu banaleta bidoni kila asubuhi, hata bakijua sitafungula," anasema, akikaa kwenye jiwe. "Banafikiri leo njo nitakunywa."

Kunywa kwake ndiko kunakofungua maji katika kona hii ya mtaa wa Majengo. Mtunza robine hunywa kikombe cha kwanza mbele ya watu, kisha bidoni ya kwanza husogezwa. Aliukuta utaratibu huo kwa mama mkwe wake, aliyemwachia kazi. Hana mshahara. Kila nyumba humpa kopo la maharagwe mwisho wa mwezi, na isiyo nayo haidaiwi, kwa kuwa maji haya hayajawahi kuuzwa.

Yanatoka kwenye chemchemi ndogo upande wa Munigi na kupita chini ya ardhi, katika mfereji wa mawe uliojengwa wakati wa Wabelgiji. Lava ya mwaka 2002 ilifunika alama zake, na watu wakajenga juu yake bila kujua. Mama Pascasie mwenyewe alijua unakoanzia na unakoishia. Katikati alikuwa akikisia tu.

Na katikati ndiko mambo yalikoharibika.

Mwezi uliopita kikombe chake kilitoka na chembe za kijivu. Mtu yeyote wa Goma angefikiri alichofikiri yeye. Volkano ikipumua, majivu hutua kwenye mabati, kwenye nguo zilizoanikwa, hata kwenye sufuria, na watu huchuja maji kwa kitambaa, maisha yakaendelea. Alichuja, akanywa, akafungua.

"Nilisema ni volcan," anasema. "Nikakunywa, batu bakaniona, nabo bakachota. Kesho yake hivyo hivyo."

Ndipo watoto wakaanza kuhara. Wa kwanza kukimbizwa kwenye kituo cha kipindupindu alikuwa Bénie, msichana wa miaka mitano. Baba yake, Julien, ni mkulima aliyekimbia vita Masisi na kupata kiwanja kidogo juu kidogo ya robine.

Habari zilipomfikia, Mama Pascasie alitoka nje akatazama mabati ya jirani. Yalikuwa safi. Shati jeupe la kanisani lililokuwa kwenye kamba lilikuwa bado jeupe. Akaelewa kwamba majivu yale hayakutoka angani. Alifunga robine kabla ya kumuuliza mtu yeyote.

Yeye na Guylain, mkuu wa avenyu, yaani barabara yao na nyumba zake, wakapanda kiwanja baada ya kiwanja, wakibisha hodi kila mlango. Julien aliwapokea vizuri. Tena aliwaonyesha choo chake kipya kwa fahari.

Fahari hiyo ina sababu. Mji umekaa juu ya mwamba, na kuchimba shimo la choo ni majuma ya nyundo na malengelenge. Mtu akikuta uvungu ulioachwa na lava chini ya kiwanja chake, majirani huja kumpongeza. Julien alikuta uvungu. Akapanga mbao juu, akazungushia mabati, na kila jioni mke wake Charline alimwaga humo majivu ya mkaa, au makala kama unavyoitwa hapa, ili kuua harufu, kama afanyavyo mama yeyote anayejali usafi.

Mama Pascasie aliinama juu ya shimo. Chini, maji yalikuwa yakipita.

"Mama aliniangalia tu," anasema Julien. "Nilijua mbele hata hajasema. Mutoto wangu alikuwa ku kitanda kule, na ni miye njo nilimukunywesha."

Anasema hayo huku akiponda mwamba kwenye kona ya mbali ya kiwanja, akichimba shimo jipya la choo. Wanaume wa avenyu wamekuja kumsaidia kwa salongo, kazi ya pamoja isiyo na malipo. Wanawake wameshasugua mfereji na kuutia klorini, na tundu limezibwa kwa saruji. Bénie amerudi nyumbani, ingawa bado hali chakula vizuri na hushtuka akisikia maji yakimiminwa.

Kinachosubiriwa ni majibu ya maabara. Maji yalipopimwa mara ya kwanza baada ya kusafishwa, majibu yalikuwa mabaya. Ya pili hayajafika, na subira inawaishia watu. Wengine wanachota ziwani. Mfanyabiashara mmoja ameshakuja kupima eneo: robine ikiendelea kufungwa, ataweka tangi lake hapo na kuuza. Hilo likitokea, maji ya wote yatakuwa ya mwenye pesa.

"Fungula tu, mama, tutachemsha," anasema Ernestine, jirani aliyesimama kwenye foleni.

"Na mwenye hana makala?" Mama Pascasie anamjibu. Ernestine anaigeukia njia ya nyumbani.

Akishaondoka, mama huyu anasema jambo linalomkosesha usingizi. Haogopi tu majibu mabaya. Anaogopa pia mazuri. "Batasema maji iko muzuri, na batu bote bataniangalia. Na sijui kama nitainua tena hii kikombe."

Hata hivyo ana mpango. Rangi nyeupe imeshapatikana, na anataka mfereji wote uchorwe juu ya ardhi, kuanzia Munigi hadi hapa, ukipita katika kila kiwanja na kila jiko, ili mgeni asije tena kushangilia uvungu asioujua. Julien ameomba kushika brashi ya kwanza.

Wakati tunaagana, Charline anateremka na bidoni. Tangu binti yake augue hajaonekana hapa. Anaiweka mwisho kabisa wa foleni, hamsalimu mtu, na kugeuka upesi. Amesahau kuiwekea jiwe, na upepo wa ziwani umeanza kuisukuma.

Mama Pascasie anainuka. Anaokota jiwe, anaisimamisha bidoni na kuliweka juu yake.

"Akirudi," anasema, "aikute mu foleni."