Shingo ya Kioo

Vumbi likipata moto ndani ya mashine lina harufu yake, kama nywele zilizoguswa na pasi. Niliisikia juzi kule Columbus, Amerika, upande wa Gahanna, katika garaji ya mdogo wangu Neema, binti wa baba mdogo. Mimi nakaa Louisville. Columbus nilikuwa nimekwenda kwa ubatizo. Bon, ubatizo tuuache, chakula kilichelewa mno.

Neema akitoka kazini depo, kwenye ghala la mizigo, anatengeneza mashine za zamani za michezo, zile kubwa kama kabati, zenye kioo kizito cha televizyo. Alikuwa ameifungua moja mgongo, akanionyesha nyuma ya kioo shingo nyembamba kama ya chupa.

“Yaya,” akaniambia, ndivyo kwetu tunavyomwita dada mkubwa, “angalia mkoba wako. Hii ikivunjika hewa inaingia, inalia fuu, kioo kimekufa. Hakuna fundi wa kukifufua.”

Nikakaa chini. Sauti ile naijua.

Nilikuwa na miaka tisa, kwetu Uvira, Kongo, Neema hajazaliwa. Baba mdogo alikuwa fundi wa redio na televizyo. Siku hiyo alifungua televizyo ya mwalimu mkuu, akatoka kutafuta waya, akaniacha peke yangu nifagie. Kuku akaingia, kuku mwenye kiburi, aliyezoea kutaga juu ya nguo zetu za kanisa. Nikamrushia mwiko wa ugali. Akakwepa. Mwiko ukagonga nyuma ya televizyo, ikalia fuu, taratibu, kama mtu anayeshusha pumzi. Nikauosha mwiko, nikazoa vipande, na baba mdogo aliporudi alinikuta namenya mihogo, tena naimba.

Jioni mwalimu mkuu alikuja na majirani. Baba mdogo akasimama mlangoni, akasema, “Ni mikono yangu, Mwalimu. Iliteleza.”

Walicheka. Mtaani wakamwita Vunja. Redio zikaacha kuletwa, akaenda kubeba mifuko bandarini mpaka mgongo ukapinda. Mimi nilijiambia labda kweli aligusa kitu kabla hajatoka. Njia ya mwongo ni fupi, alizoea kusema mama. Yangu imefika mpaka Amerika.

Donc, pale garajini nikamwuliza Neema: fundi akiiacha shingo nzima, akarudi akaikuta imevunjika, atadhani ni yeye?

“Hapana, yaya. Huyo anajua kuna mtu ameigusa.”

Akaniangalia. Nikamwambia yote, hata mwiko. Akageukia mashine yake, akakaza skrubu moja ambayo nadhani ilikuwa imekaza zamani.

“Hata mimi aliniambia ni mikono yake,” akasema. “Na mimi nilimcheka.”

Kuna jambo la siku ile ambalo nimelisimulia miaka mingi kwa kujivuna, kwamba baba mdogo alinipenda kuliko watoto wote wa ukoo. Kabla mwalimu mkuu hajafika, alileta beseni, akaninawisha mikono yeye mwenyewe, kidole kimoja kimoja, akikigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Mwanamume mzima, anamnawisha msichana wa miaka tisa. Nilidhani ni upendo tu, hauna sababu. Kumbe alikuwa anatafuta vipande vya kioo.