Jina la tatu la Furaha

Leo mama mmoja amenipasua mdomo kwa ngumi, na siwezi kumlaumu.

Mnajua mimi ndiye ninayetengeneza mfumo wa chama chetu cha wakulima hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda. Jana, nikiwa Mbarara, nilitumia programu moja ya kugeuza maelezo ya API, yaani ya taarifa za watu ambazo mfumo unapokea na kutoa, kutoka muundo wa zamani kwenda mpya. Ikageuza, ikakagua, ikaandika: hakuna kosa.

Nikarudi kambini nimevimba kichwa!

Kumbe jina la tatu, lile tunalobeba sisi Wakongomani, programu ililitupa kimya kimya.

Asubuhi tukaanza kugawa mbegu za maharagwe. Wakaja kina mama wawili, wote Furaha Maombi, wanaotofautiana kwa jina la tatu tu. Kwenye orodha yangu amebaki mmoja.

Walianza kwa matusi. Halafu mmoja akainua jembe, mpini ukamvunja mwenzake mkono. Jamani, nimeusikia ule mfupa.

Nami, mjinga, nikaingia katikati na kompyuta: “Mama, mashine inasema iko sawa!”

Akatupa jembe, akanitandika. Nikaangukia magunia. Damu yangu iko kwenye mbegu za watu.

Akasimama juu yangu:

“Ile jina uliondosha ni ya mama yangu. Kule Fizi, Kongo, batu balimuuwa yeye, jina ikabakia. Leo umeuwa na jina.”

Mnaosema msimbo wa kompyuta haumuumizi mtu, andikeni hapa chini. Nawasoma.

Nimeiambia programu ikague tena sasa hivi, mdomo umevimba.

Bado inasema: hakuna kosa.