Filta Kubwa Kuliko Maji

Mama alipokufa alituacha watatu katika nyumba ya mabati kwenye mtaa wa Juba Na Bari, hapa jijini Juba, pamoja na tangi la kioo lenye samaki wanne. Tangi alipewa na mwajiri wake wa mtaa wa Hai Cinema, mgeni ambaye kazi yake iliisha akaondoka na masanduku mawili tu. Mama alilileta kwa raksha, bajaji ya kwetu, amelipakata kama mgonjwa, na samaki wakiwa ndani ya ndoo miguuni pake. Walikuwa wa rangi ya chungwa, wanene, wenye mikia mirefu inayoburuzwa nyuma yao kama kanga ya mtu mvivu. Mama alisema ni samaki wa watu wasio na njaa. Hata hivyo aliwalisha kabla hajala yeye.

Baba alikuwa ametangulia zamani. Mimi nilikuwa nimeacha shule tangu ugonjwa wa mama ulipomlaza kitandani, kwa hiyo mazishi hayakunibadilishia ratiba. Asubuhi iliyofuata niliamka nikawasha mkaa kama kawaida.

Matanga yalipomalizika, shangazi yetu, dada yake baba, alibaki siku chache. Anaishi Arua, ng'ambo ya mpaka wa Uganda, katika nyumba ya matofali, na shule iko karibu naye. Si mtu mbaya. Alitaka kumchukua kitinda mimba wetu, msichana wa miaka tisa, akamlee huko. Mdogo wangu wa kiume aliinamisha kichwa. Mimi nilikataa, lakini msichana ambaye hajaolewa, hata kama ndiye mkubwa, hawezi kubishana na shangazi mbele ya wazee. Wakati tunaanza kukunja nguo zake, mtoto mwenyewe akaenda akasimama mbele ya kioo cha tangi.

"Siwezi kuacha samaki wa mama," alisema.

Watu walicheka, na shangazi naye akacheka huku akijifuta macho.

"Kalas," akasema. "Wakiisha hao, nitakuja."

Kalas ni Kiarabu cha Juba. Tunalitumia kwa jambo lililokubaliwa, na pia kwa kitu kilichokwisha. Siku ile kila mtu pale alisikia maana moja aliyoitaka. Mimi nilisikia zote mbili.

Filta ya kusafishia maji ya tangi, aliyoiacha yule mgeni, iliungua muda si mrefu baadaye. Umeme wetu unatoka kwenye jenereta ya jirani, mama mmoja mwenye saluni, anayeiwasha jioni na kuizima wateja wakiisha. Siku moja umeme ulikuja kwa nguvu mno, balbu ikapasuka, filta ikatoa moshi. Baada ya hapo maji yakaanza kuwa na ukungu. Samaki walipanda juu wakawa wanafungua midomo hewani, na kitinda mimba wetu akaacha kula vizuri. Hakuwa na haja ya kunieleza.

Nilienda kwa Msomali mmoja wa Kenya anayeuza vitu vya umeme. Kwenye rafu alikuwa na filta za aina mbili. Kasha la ndogo liliandikwa lita mia tatu, la kubwa lita elfu moja na mia tano. Aliniuliza tangi langu ni la kiasi gani. Nikamwambia linajaa kwa jerikeni tatu.

"Lita sitini," alisema. "Lakini dada, hiyo namba si ya tangi. Ni maji inayovuta kwa saa. Na stima ya Juba unaijua. Hii ndogo itakuwa inaamka tu, stima imeenda."

Maneno yake yaliniingia kwa sababu ndivyo tunavyoishi. Maji ya lori yakifika unajaza kila chombo ulicho nacho. Umeme ukija unachaji simu zote, unapiga pasi nguo za wiki nzima. Niliwaza kwamba filta kubwa itafanya kazi ya kutwa katika zile saa chache za jioni, kisha ipumzike. Nikachukua kubwa.

Jioni jenereta iliponguruma, maji yalizunguka kama yanasongwa kwa mwiko. Mama wa saluni aliyekuja kutazama akaniuliza kama nimenunua filta au mashine ya kufulia. Tulicheka. Samaki walikuwa wamebanwa kwenye kona ya mbali, mikia yao imepeperushwa upande mmoja, wanapiga mapezi bila kusogea. Mdogo wangu wa kiume alisema wanafurahia. Kitinda mimba akasema wanakimbia.

Yeye ndiye aliyeona sawasawa. Kesho yake mmoja alikuwa amenaswa kwenye mdomo wa filta, mkia umeingia ndani. Nilimtoa kwa kijiko. Wa pili hakunaswa, alichoka tu. Wa tatu tulimkuta ubavu juu, na sponji ya filta, iliyokaa bila umeme usiku na mchana, ilikuwa inanuka kama bwawa. Kumbe usafi wa maji hauwekwi akiba kama maji yenyewe. Samaki anachafua saa zote, na anahitaji kusafishiwa polepole, saa zote.

Niliirudisha. Yule Msomali alianza kutania kwamba nimefunga injini ya lori kwenye baiskeli, halafu akaniangalia usoni akageukia rafu. Alinipa ile ndogo, akanionyesha jinsi ya kuelekeza maji yanayotoka yagonge kioo kwanza ili yapoteze nguvu. Umeme ukizimwa tulipokezana, sisi watatu, kuchota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu ili yaingie hewa. Kabla ya shule, baada ya shule, kabla ya kulala. Mikono ilikuwa inauma, na samaki aliyebaki alikuwa anatutazama tu.

Shangazi alikuja bila kutangulia kupiga simu. Mtu alikuwa amempasha habari za samaki. Aliweka mkoba chini, akainama mbele ya kioo kwa muda mrefu, akitafuta wengine.

"Nilisema wakiisha," alisema mwishowe. "Huyu bado."

Alilala kwetu, na asubuhi akaenda kutafuta gari la Arua peke yake. Nilipomsindikiza hadi barabarani aliniambia kwa sauti ya chini kwamba hanichukii, na kwamba samaki mmoja si maisha. Nilimwambia najua.

Niliporudi kitinda mimba alikuwa tayari amevaa sare ya shule, amekaa mbele ya tangi.

"Tukinunua mwingine," aliniuliza, "huyo naye atahesabiwa?"

Samaki alipita mbele ya uso wake akageuka. Nilimwambia alete kikombe, maji yamekaa muda mrefu bila hewa.