Alama ya Baba kwenye Birika Langu

Jamani, leo Baba kanigombeza mbele ya mteja, na bado natabasamu!

Baba yangu ni mhunzi hapa Kanyenye. Mashine yangu ya leza, inayochonga chuma kwa mwanga, yeye anaiita tochi.

Leo kachukua birika la shaba nililolichonga maua. Akafumba macho, akalipapasa kwa kidole gumba.

Akaligeuza. Chini nilikuwa nimechonga alama ya ukoo wetu.

"Nani kakuruhusu? Alama hii haichorwi na tochi! Inagongwa kwa nyundo, na anayegonga ni fundi!"

Nikaomba radhi. Mteja akajifanya anaangalia barabarani.

Baba akafungua kisanduku, akanikabidhi muhuri wa chuma wenye alama hiyo, alioachiwa na babu.

"Basi gonga, fundi."

Mliosikia kishindo hadi huko mtaa wa Mtendeni mchana huu, ni mimi huyo!