Mzee wa Kanisa Aliyetoka Nje Siku ya Mavuno

Abdiel Sumari aliingia kiwanda cha nguo akiwa kijana asiye na ndevu, akatoka akiwa na mvi. Alikuwa fundi wa mashine za kufuma. Mashine ikikwama, wenzake walimwita, naye alikuwa na desturi ya kuinama kwanza na kuisikiliza kabla ya kushika spana. Kelele za ukumbi wa mashine zilimpunguzia usikivu, kwa hiyo hata nyumbani kwake Sekei alizungumza kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. Kanisani alikuwa mzee wa kanisa, na alipoitikia sala, watu wa viti vya nyuma walitabasamu.

Kisha zikaja enzi za ruksa, bidhaa za nje ziliporuhusiwa kuingia. Maduka ya mjini, ambayo watu walikuwa wamezoea kuyaona rafu tupu, yakajaa vitambaa vya nje, na masoko yakajaa mitumba. Kiwanda kikaanza kuzima mashine moja baada ya nyingine. Hatimaye wafanyakazi waliitwa uwanjani wakaambiwa kwamba wamepunguzwa. Aliyesema maneno hayo aliwashukuru kwa utumishi wao, akapanda gari, akaondoka. Watu walibaki wamesimama pale uwanjani kwa muda, kwa sababu hakuna aliyewaambia waende wapi.

Tangu siku hiyo Abdiel hakuweza kukaa. Aliamka kukiwa na giza, akazunguka nyumba, akachimba mtaro wa maji ambao haukuhitaji kuchimbwa. Alipanda kwao Meru kumtazama kaka yake na migomba yake, na kabla chai haijachemka alikuwa ameshaaga. Akishuka mjini alipita mtaa hadi mtaa kwa haraka kama mwenye miadi. Watu waliomsalimia aliwajibu akiwa ameshawapita.

Mkewe, Anneth, mwanamke wa Machame, naye hakukaa, ila yeye alikuwa na pa kwenda. Alishirikiana na wenzake wawili wakanunua belo la mitumba, akaanza kuuza mashati katika soko la Kilombero. Belo lilifunguliwa sebuleni. Harufu ya dawa iliyonyunyiziwa nguo hizo ilijaa nyumba nzima, ikaingia hadi kwenye unga. Abdiel aliyatazama mashati yale kama mtu anayewatazama wageni waliomfukuza kwake kisha wakaja kulala kitandani mwake. Hakumkataza mkewe, maana watoto walikula kutokana na mashati hayo. Lakini hakuyagusa, na mlango wa sebule aliacha kuutumia. Aliingia na kutoka kwa mlango wa jikoni.

Ikafika Sikukuu ya Mavuno. Katika usharika wao, siku hiyo kila mtu hupeleka madhabahuni kitu cha jasho lake: mikungu ya ndizi, mahindi, maharage, kuku aliyefungwa miguu, na baada ya ibada hufanyika mnada. Miaka yote watu wa kiwandani walipeleka vipande vya kitenge. Abdiel alipenda kuchagua kitambaa kilichofumwa na mashine aliyoitengeneza kwa mikono yake. Mwaka huo alikwenda mikono mitupu, akakaa mbele pamoja na wazee wenzake.

Wanawake walipoitwa, Anneth alipita na mashati matatu yaliyofuliwa na kupigwa pasi vizuri. Akayaweka kando ya ndizi. Abdiel alisimama. Wengine walidhani anakwenda kupokea sadaka. Alipita katikati ya viti mbele ya kanisa zima, akatoka nje, akashuka barabarani, na hakurudi ibadani.

Jioni ile Anneth alimwambia jambo moja tu. "Baba Upendo, nilichopeleka ni jasho langu. Mungu hakulikataa. Wewe ndiye uliyelikataa." Kisha akaingia jikoni. Abdiel alijua kwamba mkewe amesema kweli, na kujua huko kulimzidishia fadhaa, akazunguka nyumba hadi miguu ikauma.

Kesho yake mchungaji alibisha hodi. Aliitwa Elinami, kijana wa miaka thelathini na kidogo, aliyekuwa ameletwa usharikani muda si mrefu. Abdiel alijiandaa kukemewa. Alikuwa hata na jibu tayari: kwamba avuliwe huo uzee wa kanisa, apewe mtu mwingine. Lakini Mchungaji Elinami alimpa shikamoo, akakataa kiti, akabaki amesimama akizungusha funguo za pikipiki mkononi. Mwishowe akasema alichokuja kusema.

"Mzee, ulipotoka jana, nilitamani kukufuata. Si kukurudisha. Nilitamani kuondoka na mimi."

Akaeleza kwamba kila Jumapili anapanda mimbarani na kuwaambia watu wamngoje Bwana, huku anaona wazi kwamba maneno yanawapita. Vijana wanakwenda kwenye mikutano ya maombezi viwanjani, kwenye vipaza sauti na vinanda vya umeme. Wanaume wanapungua vitini. Nduguye mwenye duka kule Moshi amemwita wafanye biashara pamoja, na tayari ameshapanga siku ya kwenda kumwona mkuu wa jimbo aombe kuachiwa. Alisema hayo yote bila kumtazama Abdiel usoni.

Abdiel alisikia kila neno, ingawa kijana aliongea chini. Alitaka kumwambia maneno ya kumtia moyo, kama mzee anavyopaswa, lakini kila neno lililomjia lilikuwa lile lile ambalo yeye mwenyewe alikuwa amechoka kulisikia. Basi akamuuliza kama anawajua wale wanaume waliopungua vitini wanakaa wapi. Mchungaji akakiri kwamba yeye hajui wengi wao wanakaa wapi.

"Mimi nawajua," Abdiel akasema. "Siwezi kukaa hapa, na wewe huwezi kukaa. Twende tukawatafute."

Wakaondoka saa ile ile. Siku zilizofuata watu wa Sekei na Elerai waliwazoea: mzee anatangulia kwa mwendo wake wa haraka, mchungaji nyuma yake na viatu vyenye vumbi. Walimkuta mmoja akiponda kokoto. Wa pili alikuwa amekwenda Mererani kutafuta madini ya tanzanite, na mkewe hakujua kama yu hai. Wa tatu aliwaona kwa mbali, akajifungia chooni mpaka walipochoka kumngoja. Mchungaji alikuwa amebeba Biblia, na katika nyumba nyingi hakuifungua.

Mtu ambaye Abdiel alimtafuta kwa moyo zaidi alikuwa Lesikar, Mwarusha, aliyefanya naye kazi mashine kwa mashine. Lesikar alikuwa amerudi kwa baba yake, upande wa magharibi wa Meru, ambako mlima huzuia mvua na vumbi huingia hadi kwenye kope. Waliomba kupanda lori lililokwenda kuchukua mchanga, halafu wakatembea. Walimkuta akijenga upya boma la ndama lililobomoka, akifunga miiba kwa namna iliyoonyesha kwamba mikono yake imesahau kazi hiyo. Mkewe, Naisula, aliwaletea maziwa, akawakaribisha kwa upole. Lesikar hakuacha kazi.

Aliwauliza kama wamekuja kumhubiria. Mchungaji akasema hapana. Amekuja kwa sababu hajui afanye nini, na mzee huyu amemwambia kwamba ni heri kutojua pamoja na wenzako kuliko peke yako. Lesikar akatupa tawi la miiba chini.

"Kila Jumapili mlikuwa mnawaombea walio makazini," akasema. "Mnawaombea wagonjwa, wafungwa, hata wasafiri. Siku tulipopunguzwa, nilikaa kanisani nikasubiri nisikie sisi tumewekwa wapi. Hatukutajwa. Nikajua hapa pia nimepunguzwa."

Mchungaji Elinami aliketi chini kwenye vumbi, na suruali yake nyeusi. Kisha akainuka, akavua koti, akaanza kumpa Lesikar matawi. Abdiel alishika upande wa pili. Miiba iliwachana mikono wote watatu, na walipomaliza boma lilikuwa limekaa upande, lakini ndama hawakutoka.

Jumapili iliyofuata, ulipofika wakati wa sala ya kanisa, mchungaji alifunga kitabu. Akawaambia watu kwamba kuna sala ambayo yeye hajui kuiomba, akamwita Abdiel. Abdiel alikuwa hajarudi mbele kwa wazee. Alikuwa amekaa karibu na mlango, tayari kutoka. Alisimama pale pale alipokuwa, akaomba kwa sauti yake ya kiwandani iliyojaa kanisa lote.

"Bwana, tumeachishwa. Wengine tuna hasira na wewe, na wengine tuna hasira na wake zetu ambao wanatulisha. Mimi ni mmoja wao. Tumechoka kutembea bila kazi. Usituache barabarani. Amina."

Hakuna aliyetabasamu. Katika viti vya wanawake, Anneth alifunika uso kwa kitenge. Nje, mumewe alimngoja chini ya ngazi, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo, akambebea kapu hadi nyumbani. Hakusema samahani kwa mdomo. Lakini jioni alipita sebuleni, akainua belo, akaliweka juu ya meza ili mkewe asiiname kulichambua.

Walioachishwa wakaanza kukutana kanisani kila Jumatano asubuhi. Mara ya kwanza walikuja watu wanne, mara nyingine kumi, mara nyingine Abdiel na mchungaji peke yao. Walisoma zaburi, wakaelezana nani anahitaji kibarua na nani amesikia wapi. Lesikar alishuka kutoka kwao kila alipopata lori. Kazi hazikurudi, na kiwanda hakikuwaita. Ila Abdiel, katika kumsindikiza mkewe sokoni, aliwaona mafundi wanaopunguza mashati ya mitumba wakigombana na cherehani zao. Akainama, akasikiliza. Mwaka ulipokwisha alikuwa na kibanda chake cha kutengeneza cherehani pale pale Kilombero.

Siku moja Naisula alishuka na mumewe, akaingia kwenye mkutano wa Jumatano akakaa bila kuitwa. Wanaume waliongea kama kawaida yao. Walipomaliza aliomba ruhusa ya kusema. Aliwauliza: siku walipoachishwa wao, ni nani kati yao aliyemwachisha mkewe kuteka maji, au kuuza, au kulea? Na kama mzigo umeongezeka kwa wote, kwa nini sala ni ya wanaume peke yao? Hakukasirika, aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Abdiel ndiye aliyetoka nje kuleta benchi jingine, na wiki iliyofuata Anneth na wenzake watano wakalikalia.

Mchungaji Elinami hakwenda kwa mkuu wa jimbo. Alikaa usharikani hapo miaka minane, kisha akahamishiwa Njiro, kwenye nyumba mpya zenye kuta ndefu, ambako alisema watu ni wagumu zaidi kutembelewa kwa sababu kuna mbwa. Mahali pake akaletwa mchungaji mwingine, kijana zaidi, aliyekuja na kinanda cha umeme na mipango ya ibada ya pili. Wazee walinung'unika. Abdiel mwenyewe hakukipenda kinanda kile. Alisema kinamkumbusha mashine iliyolegea mkanda. Usiku mmoja hakulala, akageuka upande huu na huu hadi Anneth akamwambia kama hawezi kulala basi aombe, na kama hawezi kuomba basi aache kuvuta blanketi.

Asubuhi hakufungua kibanda, akampitia Lesikar stendi aliposhuka kutoka kwao, wakaenda pamoja nyumba ya mchungaji. Kijana alifungua mlango. Alipoona ni wazee wawili wa usharika, hofu ikamwingia usoni, akaanza kueleza habari za kinanda kabla hawajakaribishwa ndani. Abdiel akamwacha amalize. Kisha akamuuliza kama ameshakunywa chai, na kama kuna mtu yeyote aliyemwonyesha njia za kwenda Elerai, kwa wale wasiofika kanisani.